Katibu Anataka Wivu Wangu Uue Hoja ya Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako. Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi huku juu Ufipa, na mke wangu Marsiana ni diwani wa viti maalumu, na tangu yeye na diwani mwenzake Maximilian walete hoja ya kutaka majina ya waliogawiwa vizimba vya soko jipya yasomwe hadharani, nyumba yangu haina amani, kwa sababu viongozi wa chama chao wamewakataza na wao wamekaza, kutwa wako pamoja, mara vijijini kuongea na wananchi, mara Sumbawanga kumwona mwanasheria, na juzi, kwenye baridi yetu hii, karudi kwenye pikipiki ya Maximilian kavaa koti la kiume. Nikamuuliza, "Koti la nani hilo?" Akasema, "La Maximilian, baba Lydia, nilikuwa natetemeka." Na akacheka, mshauri! Zamani mambo ya baraza alinihadithia mimi tukipukuchua mahindi, sasa namsikia akimhadithia mwenzake kwenye simu, na nikipita sokoni kina mama wananiita "mume wa diwani", kana kwamba sikubatizwa jina.

Ndipo katibu wa chama akanifuata shambani. "Ndugu yangu," akasema, "watu wote wanaona isipokuwa wewe. Alhamisi tuna kikao cha maadili. Njoo useme tu kwamba mkeo ana uhusiano na yule bwana. Tutawavua uanachama wote wawili, hoja itakufa, na mkeo atarudi nyumbani kutulia." Nikamjibu, "Nitakuja."

Mshauri, sijawafumania, lakini roho inaniuma kama niliyewafumania. Niende nikaseme?

Mume wa Diwani, Ufipa

*

Mume wa Diwani, barua yako ilipofika nilikupigia simu palepale, maana Alhamisi isingesubiri gazeti. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ruhusa yako, kwani wenye donge kama lako ni wengi.

Pole. Wivu unauma, na mke akirudi na koti la mwanaume mwingine huku anacheka, hata mimi ningemtazama mara mbili. Lakini nisikilize, baba. Yule katibu hakukanyaga matuta yako kwa kuihurumia ndoa yako. Mkeo anauliza vizimba kapewa nani, nao badala ya kumjibu wanamtafutia hawara. Na wa kumpaka matope wamemtaka wewe, uliyefunga naye ndoa kanisani! Huoni haya? Tena koti uliliulizia, lakini mbona hukuniandikia kwamba ulimuuliza mkeo mwenyewe kama ana uhusiano na Maximilian? Hukumuuliza, kwa sababu linalokuuma zaidi ni makofi anayopigiwa yeye na wewe hupigiwi.

Nikakuambia: nenda kikaoni, useme ulichokiona tu.

Jumamosi ukanipigia. Ulisimama mbele yao, ukasema: "Mke wangu sijamfumania. Nina wivu, basi, na katibu huyu alinifuata shambani akitaka niuite wivu wangu uzinzi." Kikao kikavunjika, katibu akatoka bila kuagana na mtu. Hoja iko hai, inakwenda barazani mwezi huu. Lakini Marsiana alikuwa amekaa palepale, alisikia yote, na tangu siku hiyo hakusemeshi.

Usinung'unike. Umemtoa kwenye shimo ambalo wewe mwenyewe ulikubali kushika jembe kulichimba. Leo hii kamwombe radhi, na neno "lakini" lisikutoke mdomoni. Mwambie unaumia asipokuhadithia mambo yake. Maximilian mkaribishe nyumbani pamoja na mkewe, mle ugali wa ulezi kwa samaki wa migebuka, umjue kama mtu. Na siku ya baraza, wananchi wanaruhusiwa kuingia: vaa vizuri, kakae mbele mkeo akuone. Wakubwa wa chama wakimzomea, usiinamishe kichwa.