Boris na picha ya kichwa cha Clotilde

Apua, nina hasira mpaka nimeiacha chai.

Si unakumbuka Clotilde alizimia nyumba imefungwa na jiko la makaa linawaka ndani, akapona, halafu mwezi uliofuata akaanza kutembea kama amefungwa kamba? Hospitalini Lodwar wamempiga picha ya kichwa. Daktari akamwonyesha madoa mawili katikati ya ubongo: "Ni ile hewa ya sumu ya makaa, mama."

Leo Boris, yule aliyemfukuza Clotilde kwaya eti mlevi kwa huo mwendo wake, amekuja kwake hapa Kakuma, akainua picha juani. "Mnaona? Macho ya pepo!"

MACHO YA PEPO, Apua!

Akatuingiza ndani tuombe, akafunga mlango na dirisha, eti pepo asikimbilie kwa majirani. Jiko la chai yetu linawaka humo humo!

Tukainamisha vichwa wote, hata mimi. Clotilde peke yake aliinuka, polepole, akafungua dirisha.