Koili Niliyoisuka kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Miaka thelathini na nane na miezi mitano tangu nivuke daraja lile la mpakani kwa miguu, nimebeba mfuko wa vitabu na redio isiyo na betri. Leo kibali cha kwenda kwetu kimefika. Karatasi moja, mihuri miwili. Jina langu, jina la binti yangu, namba ya gari. Kuingia: mwisho Ijumaa tarehe 14, saa sita mchana. Kukaa: siku saba. Mtu hupewa mara moja tu, na hiki nilikiomba miaka sita iliyopita.

Nimekisoma mara nne nikitafuta kosa. Ni ugonjwa wa walimu. Sikuliona.

Nimempigia dada, aliyebaki ng'ambo. Ana miaka themanini na mmoja. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ndugu zetu wengine wote wamekwisha. Moyo wake umechoka na daktari hamfichi. Akauliza tarehe. Nikamtajia. "Haya. Nitamwambia malaika wa mauti apitie kwanza kwa jirani, mimi nina mgeni." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akataka kujua kama nina mvi. Nina upara, dada. "Basi kwa macho haya sitakutambua. Nitakigusa kichwa."

Niandike na hili, maana sijamwambia mtu: gari ni gonjwa. Jana, baada ya nusu saa barabarani, liling'ang'ania gia ya tatu. Halipandi, halishuki. Injini inalia, gari linajikokota. Likipoa, limepona. Mabasi hayavuki daraja, na kibali kimeandikwa namba ya gari hili, si jingine.

Jumanne, 4 Februari

Kwa Mama Gia. Karakana yake iko nyuma ya kiwanda cha magodoro; ovaroli ya bluu, kalamu kwenye kilemba. Hakuna mwanamume mtaani anayethubutu kufungua giaboksi la otomatiki kabla ya kumuuliza yeye.

"Mwalimu! Umekuja kunisalimia au umeniletea mgonjwa?"

"Nimeleta mgonjwa."

"Nilijua. Wazima hamnileteagi."

Akachomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani, tukazunguka mtaa mara saba mpaka gari likapata moto. Likanasa. Akasoma: valvu ya solenoidi, ya pili kati ya tano.

Kidude hiki nakijua kuliko ninavyoijua mitaa ya mji huu. Nilikifundisha miaka kumi na mmoja, ubaoni, kwa chaki za rangi. Waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara mia kadhaa. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku. Sumaku inavuta kipini cha chuma, kipini kinafungua tundu, oili inapita na kuisukuma gia. Umeme ukikatika, springi inarudisha kipini mahali pake na tundu linaziba. Basi! Kompyuta inaamuru, kidude kinatii. Ukubwa wake kama kidole gumba. Kwenye injini vipo vingine, vya mvuke wa petroli na vya kurekebisha muda wa valvu. Vya giaboksi vinalala ndani ya oili siku zote.

Magonjwa yake ni machache. Uchafu hukwamisha kipini. Springi huchoka. Plagi hushika kutu. Au waya hukatika. Wangu umekatika, tena kwa hila: ukiwa wa baridi ncha mbili zinagusana, ukipata moto zinaachana. Ndiyo maana mafundi wawili niliowapitia kwanza leo asubuhi, gari likiwa la baridi, walinirudisha wakisema ni zima. Mama Gia alikitoa, akakipima cha baridi: ohmu kumi na nne. Akakipasha. Mita ikanyamaza.

Mpya ni siku kumi na mbili kuagiza. Tumebakiwa na kumi.

Anacho kilichotumika, kwenye droo, cha gari lililogongwa. Anasema amekipima moto na baridi, kizima. Nimekipima mwenyewe. Kumi na mbili na kidogo. Wenzake wana kumi na nne. Nikamwambia nitafikiri.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefikiri. Nitaisuka koili mwenyewe.

Nilipofika hapa hakuna aliyehitaji mwalimu wa fizikia. Walihitaji mtu wa kusuka mota za pampu za maji. Nimesuka mota kwa miaka thelathini na sita. Pampu zangu ziko ndani ya visima ambavyo waliovichimba wamekwisha kufa. Koili ya ukubwa wa kidole gumba itanishinda nini?

Mama Gia hakupenda.

"Mwalimu, hii si pampu."

"Koili ni koili, binti yangu. Nilikuwa nasuka kabla hujaota meno."

"Meno nimeota, na sasa yanaanza kutoka. Weka hiki changu, uende zako ukamwone dada yako."

"Kina ohmu kumi na mbili."

"Kumi na mbili inafanya kazi!"

"Si sawa na wenzake."

Akanitazama, akavuta pumzi. "Haya. Gari lako, giaboksi lako, safari yako. Mimi ni mfunguaji na mfungaji tu."

Hapa hasomi mtu, niseme ukweli. Ohmu mbili hazikuwa sababu. Niliondoka kwetu nikiwa mwalimu, na sijawahi kurudi kama chochote. Nilitaka nifikishwe na kazi ya mkono wangu.

Ijumaa, 7 Februari

Mizunguko mia sita na ishirini. Nimehesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika mia nne na kumi simu ikalia, sikupokea. Vanishi mara tatu, kila mpako ukauke kwanza. Kisha nikaitumbukiza katika sufuria ya maji yanayochemka, dakika ishirini, kuijaribu kama ninavyofanya siku zote.

Binti yangu akachungulia jikoni, katoka zamu ya hospitali, viatu mkononi. "Baba, leo tunakula waya?"

Nikapima ikiwa ya moto: kumi na nane. Ndivyo inavyotakiwa, shaba ikipata moto ukinzani hupanda. Ilipopoa: kumi na nne kamili! Nimekaa nayo kiganjani kitambo kirefu.

Jumapili, 9 Februari

Imefungwa. Tumeliendesha dakika arobaini, Mama Gia kwenye usukani, mimi nikiwa nimeshika mlango kama abiria wa mara ya kwanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Laini. Akalipiga boneti kofi: "Sawa, Mwalimu. Umenishinda. Usiwaambie wateja wangu."

Dada kasikia, kapiga kigelegele dhaifu kwenye simu. Anasema amewaambia watoto wa jirani wafagie ua.

Jumanne, 11 Februari

Binti amezaliwa huku, nyumba yetu ile ya ng'ambo hajapata kuiona. Akataka nimchoree. Nikachora: sebule, chumba cha dada, chumba chetu wavulana, jiko nje kidogo. Mlango wa jiko nikashindwa. Sikumbuki unafungukia ndani au nje. Nimepita mlango ule maelfu ya mara. Nikauacha bila kuuchora. Binti akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatano, 12 Februari

Kilomita mia nne na kumi. Binti ndiye dereva, mimi msoma vibao. Gari zuri. Kuanzia saa tisa lilikuwa linashtuka kidogo likiingia gia ya pili. Binti akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia ni barabara.

Haikuwa barabara. Niliijua sauti ile, nikaamua kutoijua.

Tumelala nyumba ya wageni yenye taulo moja.

Alhamisi, 13 Februari

Zimebaki kilomita mia na arobaini. Hatuendi.

Saa nne asubuhi, mlimani. Gia ikaachia, ikashika, ikaachia. Kisha hakuna kitu. Injini inazunguka, magurudumu hayana habari. Binti akasogeza gari pembeni kwa mteremko wa nyuma, akiwa ametoa kichwa dirishani, malori yakitupigia honi. Akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu kwanza. Wauguzi ndivyo walivyo.

Nikampigia Mama Gia. Akaniambia nivute kile kijiti cha kupimia oili, nikipangusie kwenye karatasi nyeupe. Karatasi nyeupe niliyokuwa nayo ni ukurasa wa daftari hili. Alama iko pembeni hapa. Oili imekuwa na rangi ya chai. Na ndani yake vipande vyembamba vya manjano, kama maganda ya kitunguu.

"Mwalimu, unaona nini?"

Nikamweleza.

 Akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Ile koili uliichemshia kwenye nini?"

"Kwenye maji."

"Kwenye maji," akasema.

Vanishi ya pampu. Inavumilia maji miaka ishirini. Oili ya giaboksi, ikipata moto wa kupanda milima, imeilainisha, imeimenya. Maganda yamesafiri kila njia yanakopita mafuta, yamekwamisha vipini vya wenzake wanne waliokuwa wazima. Koili yangu huenda bado ina ohmu kumi na nne. Imewaua wengine.

Ningekuwa fundi wa magari, ningeipima ndani ya oili. Mtu yeyote asiyejua kusuka angechukua kile cha kwenye droo. Ni mtu wa pampu tu, mwenye miaka thelathini na sita ya kusifiwa, ambaye angeweza kukosea hivi.

Mama Gia anasema atakuja mwenyewe na seti nzima iliyotumika. Basi la kwanza linaondoka kesho alfajiri, linafika hapa jioni. Nikamkumbusha saa sita mchana. Akasema anajua, Mwalimu, anajua, lakini asemeje?

Fundi wa malori katika senta ndogo iliyo karibu alilitazama gari toka mbali, mikono mfukoni. "Hilo la kompyuta? Silishiki, mzee. Nikiligusa nitaambiwa nimeliua mimi."

Nikamwambia asiwe na hofu, muuaji anajulikana.

Ijumaa, 14 Februari

Saa mbili asubuhi. Binti amesimama barabarani tangu kulipopambazuka. Anasimamisha kila linaloelekea darajani. Nimemwona kwa mbali akieleza kwa mikono yote miwili, kama mimi nilivyokuwa nikieleza ubaoni.

Dereva mmoja wa lori amekubali kutusikiliza. Mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akakisoma kibali chote, mbele na nyuma. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, ningekupakia hata mgongoni. Lakini namba hii si yangu. Pale wanalinganisha karatasi na gari. Wataniweka ndani mimi na wewe, na mzigo wangu ni nyanya."

Binti akamwambia, mchukue baba peke yake basi, mshushe kabla ya daraja, avuke kwa miguu. Dereva akatikisa kichwa. Wa miguu hawapiti siku hizi, dada. Akatupa nyanya sita. Akaondoka polepole, mkono nje ya dirisha.

Saa tatu na nusu. Dada amepiga. Nilitaka binti apokee, binti akakataa, na alikuwa sawa kabisa.

"Mmefika wapi?"

Nikamwambia. Mlima, gari, valvu. Akataka nimweleze ni nini. Nikamweleza kama nilivyomweleza zamani, nilipotoka chuoni likizo naye akisuka nywele zake: waya, sumaku, kipini, springi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akisikiliza hivyo hata zamani.

"Kwa hiyo ni kidude tu."

"Kidude tu, dada."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama kidole gumba."

Nikamsikia anapumua. Pumzi fupi, nyingi. Nikamwambia ni kosa langu. Nilipewa kizima nikakikataa. Nilidhani atanifariji. Akasema, "Ulikuwa hivyo tangu mdogo. Ukikatazwa unashona, ukiruhusiwa unafumua." Akacheka kidogo. Kisha hakucheka.

"Mdogo wangu, usikate simu. Sina la kusema. Usikate tu."

Sikukata. Nimesikia mtu akifagia. Nimesikia kikombe kikiwekwa juu ya meza. Dakika kumi na nane, kisha laini ikakatika yenyewe. Nimepiga mara tatu, haipatikani. Sijui ni mtandao au ni nini. Binti naye amejaribu kwa simu yake. Haipatikani.

Saa tano na dakika arobaini. Tumekaa ndani ya gari, milango wazi. Binti amekichomoa kibali kutoka kwenye bahasha yake ya plastiki, amekirudisha, amekichomoa tena. Ananiuliza kama tuombe kingine. Namjibu: mtu hupewa mara moja tu, mama, imeandikwa pale chini. Anasema labda watabadilisha. Nimemwambia labda. Nina miaka sabini na miwili, na dada yangu, shangazi yake, hana miaka sita mingine ya kungoja.

Simu bado haipatikani.

Gari la kuvuta aliloliita binti limetokea kwenye kona ya chini. Linatoka mji tuliolala juzi, na huko ndiko litakakotupeleka, tumngoje Mama Gia. Binti ameshuka kuwaonyesha mahali pa kufunga mnyororo. Nyumbani kwetu sitarudi.