Mashine Haikuwa Mbovu

Mpendwa Mwaitu,

Najua umeshakuwa mtu mzima, na huko Mombasa pengine hakuna anayekuita Mwaitu, yaani mama. Lakini una jina la mama yangu, na mimi sijui kukuita kwa jina lingine. Mama yako huniambia umeandika, umetuma leso, unauliza kama mvua imenyesha Kalamba. Salamu za kunisalimia mimi hazimo, wala sina wa kumlalamikia.

Hapa sokoni bado wanabishana juu ya siku ile. Jana hotelini fundi cherehani alianza tena. "Ile TV game ya msichana wa mzee ilifaulu. Watu walijaa mpaka barabarani." Mama muuza ndengu akamkatiza: "Ilifaulu namna gani na hakuna mtu alicheza?" Miaka minne sasa, na kwao ni mzaha wa kupitisha chai. Mimi huacha yangu mezani nikatoka.

Nakumbuka ulivyoileta kutoka Sultan Hamud, kutoka duka la Bwana Abdi ulikokuwa ukiuza redio. Alikukabidhi ufungue chumba cha mchezo hapa kwetu, cha kwanza soko zima. Kilikuwa kisanduku cha kijivu cha kuunganisha na televisheni, kaseti moja ya mchezo, na vidude viwili vya kubonyeza vyenye waya. Umeme haukuwa umefika, kwa hivyo ulibeba na betri ya gari. Ulinifundisha mezani, umeshika vidole vyangu. "Baba, usifinye kama unakamua ng'ombe. Guza tu." Tulicheka mpaka mama yako akauliza tumekunywa nini. Sijawahi kukufurahia kama jioni ile, na sikukwambia.

Siku ya ufunguzi niliiharibu mimi. Wewe ulitaka tu kufungua mlango, watu waingie wacheze. Mimi mzee wa kanisa niliona aibu kitu cha binti yangu kifunguliwe bila maombi. Nikaita mchungaji na kwaya, nikaazima spika ya kanisa, tukaiunganisha kwenye betri yako. Kila mgeni alisimama kusalimia. Aliyeongea kuliko wote ni mimi, tangu ulivyozaliwa mpaka ulivyopita mtihani wa darasa la saba. Uliniinulia mkono mara tatu. Nilidhani unanishukuru.

Ulipowasha, yule kikaragosi wa mchezo aliruka mara mbili kwenye kioo, picha ikanywea, ikazima. Ubishi ukaanza palepale. Wengine walisema ufunguzi umefaulu maana watu wamekuja, wengine wakasema umeanguka. Bwana Abdi akaninong'oneza, "Mzee, ni betri imeisha. Hiyo spika imekula moto yote." Nilimsikia vizuri. Nawe ulikuwa umesimama karibu, ukajua nimesikia. Mchungaji akasema mzee mwenyewe aamue. Niliutazama ule umati, nikaona watacheka hotuba yangu mwaka mzima. Nikasema, "Imeanguka. Hiyo mashine ni mbovu."

Wiki iliyofuata ulirudi na betri imejaa, ukafungua mlango, ukapangusa meza, ukakaa. Nilipita hapo kila siku nikijifanya naenda kusaga unga. Hakuna aliyeingia, maana mzee wa kanisa alikuwa ameshasema. Siku ya kumi na mbili ulimrudishia Bwana Abdi mashine yake, ukaenda Mombasa.

Nimejaribu, Mwaitu. Nilisimama kanisani wakati wa ushuhuda nikaeleza kwamba kosa ni langu. Wakasema amina, wakaendelea na matoleo. Hotelini nikisema mashine ilikuwa nzima, wananicheka: "Mzee, si ni wewe ulisema imeanguka? Usigeuke sasa." Hata yule fundi aliye upande wako hataki nimsaidie kubishana. Hii ni barua yangu ya nne kwako. Sijui tena nifanye nini, na si kawaida yangu kusema hivyo.

Mwezi uliopita umeme ulifika Kalamba. Bwana Abdi ana mashine mpya, nzuri kuliko ile, na alimwomba mama yako akuandikie urudi uifungulie chumba. Nilikaa siku nyingi nikingoja posta kuliko hata Bwana Abdi mwenyewe. Jibu likaja, mama yako akanisomea kwa sauti, halafu akaenda nje kwa mbuzi bila kunitazama. Uliandika, "Mwambieni Bwana Abdi asante, lakini hapo nyumbani baba alishaamua."

Miaka yote hii nimesimama mbele ya watu kila Jumapili, na sijui mtu mmoja anayekumbuka nililosema. Neno la uongo nililolisema mara moja, bila hata spika, ndilo mnalolishika nyote, na sasa nikilikana mimi mwenyewe hakuna anayeniamini.

Kaa salama huko uliko.

Ni mimi,
Baba yako