Anselimi Hakulewa

Musaga, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Felisita,

Kaka yako anakusalimu kwa moyo wote. U mzima? Na mume wako, shemeji Anselimi, goti limeacha kumsumbua? Mimi miguu imevimba, kifua kinakoroma, na daktari haniangalii tena usoni anaposema nami. Lakini leo nimeamka mwepesi, nimemaliza uji wote, nikaomba kalamu. Isome barua hii ukiwa umekaa, na Anselimi awe karibu.

Chumba cha nyuma hapa kwangu amepanga Zakaria, mpakizi wa depo ileile ya kahawa kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ambako nilikuwa karani na mume wako akifanya kazi chini yangu. Wiki iliyopita alirudi saa kumi akiyumba, akatapika mlangoni. Mke wake akaja juu.

"Umekunywa tena!"

"Sikunywa kitu, mama. Kichwa kinanigonga tu."

"Pombe gani hiyo isiyo na harufu? Waonyeshe wenzako inapouzwa, na wake zao wapumue!"

Majirani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwita Zakaria, nikamuuliza kama wameitoa ile mashine ya moto ya kukaushia kahawa. Akasema ndiyo, mvua imelowesha magunia.

"Na milango?"

"Tulifunga, mzee. Si haina moshi?"

Unakumbuka tulivyolelewa, Felisita. Mbabula, lile jiko la makaa, inawashwa nje, na makaa yakishakuwa mekundu, moshi umekwisha, inaingizwa ndani na mlango unafungwa. Adui ni moshi. Sasa mashine ile inachoma gazi ya chupa, na feni inasukuma joto kama upepo wa kiangazi. Moshi huuoni, kwa hiyo kila mtu aliihesabu kama mbabula iliyokwisha iva. Kumbe moto wake unakula hewa ya chumba na kuacha hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Karatasi yake ya Kifaransa ilisema wazi kwamba milango ya pande zote mbili ikae wazi muda wote. Katika depo nzima ni mimi tu niliyeweza kuisoma. Niliisoma.

Siku ile Anselimi alipoanguka kazini, mvua ilikuwa inapiga mpaka ndani, inalowesha kahawa tuliyokwisha kausha. Akaniuliza, "Karani, si ulisema tuache wazi?" Nikamjibu, "Funga, we! Ikioza utainywa wewe?" Akafunga, akabaki ndani akigeuza magunia. Baada ya saa mbili tulimkuta chini, hajitambui. Mchana alikuwa ameonja kikombe kimoja cha urwarwa, pombe ya ndizi, kwa mwenzetu aliyepata mtoto. Bwana mkubwa akainama, akamnusa, akaniuliza mimi, "Amelewa?" Nikaandika ripoti kwa mkono wangu: amelewa kazini.

Kwa karatasi ile alifukuzwa, mkarudi kwetu Kasongo, na parokia ikamtoa kwenye baraza la wazee. Hata yeye mwenyewe aliamini. Siku ya kuagana aliniambia, "Shemeji, sikujua kikombe kimoja kinaweza kuniangusha." Nikamshika bega. Nikanyamaza.

Kwa hiyo baada ya Zakaria kutapika, kesho yake nilimwomba anipeleke depo. Kapita wa sasa, msimamizi wao, ni mtu wa mizaha.

"Mzee, umekuja kutafuta kazi?"

"Nimekuja kufungua mulango."

Walifungua yote. Nilikaa juu ya gunia nikawaonyesha: chupa isimame wima, mbali na mashine; mpira wa gazi upakwe povu la sabuni, na povu likivimba ujue gazi inavuja; mbele ya mdomo wa mashine pasikae gunia; wakati wa kuzima, funga chupa kwanza, feni iendelee mpaka chuma kipoe.

"Na mvua ikiingia?" mmoja akauliza.

"Muzime mashine, musogeze magunia."

Halafu nikawaeleza habari ya Anselimi, kwa jina lake na langu. Mwishoni kapita akasema, "Kumbe mzee, gunia hili ulikuwa unalibeba peke yako?" Nililia mbele yao, mdogo wangu, na nilipomaliza kulia nilisikia njaa. Siku nyingi sikuwa nimesikia njaa.

Jioni Zakaria alirudi akitembea wima. Mke wake alimnusa mdomo hata hivyo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeeleza kwamba Anselimi hakulewa, kwamba mimi niliamuru milango ifungwe na mimi niliandika uongo. Kapita ametia sahihi kuwa shahidi. Mpelekeeni padri, aisome mbele ya watu. Anselimi akitaka kunikasirikia, mwache tu akasirike. Ni haki yake, na miye sina muda wa kumharakisha.

Nisalimie dada yetu mkubwa, mjane wa mwalimu, na mtoto wangu wa ubatizo, yule seremala, na mkwe wako anayekutwangia mihogo.

Neno la mwisho. Umeniandikia mara nyingi kwamba kila arusi unakaa karibu na mume wako na kufunika kikombe chake kwa mkono, asitiliwe pombe. Ulifanya hivyo kwa kuniamini mimi. Arusi inayokuja, mdogo wangu, ondoa mkono.

Kaka yako,
Bonifasi, aliyekuwa karani