Kwa Baba, Fundi Bomba Aliyeliacha Bomba Lake Livuje

Mwaka mmoja umetimia asubuhi ya leo tangu ulipofariki, Baba, na gogo bovu tulilolitupa siku ya mazishi limerudi uani. Limeletwa kwa mkokoteni, kwa amri ya mkeo.

Ulikuwa fundi bomba, na mtaa mzima unajua kwamba kazi yako haikurudiwa. Mjane wa nyumba ya pili ulimtengenezea bomba kabla hata hajakukaribisha chai, kisha ukamwomba jambo moja tu: paka wake afungiwe ndani mpaka jua lipande. Ya watu uliyaziba. La uani kwako likadondoka, tone baada ya tone, miaka yote tuliyokufahamu. Majirani wakikupigia kelele, "Fundi, kwako kunavuja!" ulijibu, "Hakuvuji. Kuna wageni wanakunywa."

Wageni walikuwa ndege kama chiriku na kwezi, vyura, na kenge mmoja tuliyekusihi sana usimkaribishe.

Kanuni zako hukumwambia mtu. Majani makavu chini ya ua wa miti yasifagiliwe, wala gogo bovu lisiondolewe, maana humo wamo wadudu wanaolisha ndege. Maua yaliyokauka yasikatwe, mbegu zake zina wenyewe. Dawa ya kupulizia isivuke geti. Haya tumeyajua baadaye, kwa kuulizauliza. Ungetuambia mapema, tusingefanya tulilolifanya.

Tulilolifanya ni usafi. Ili waombolezaji wasikuone mchafu, tulifagia, tukapunguza ua, tukatupa gogo. Mwanao, fundi bomba kama wewe, akabadilisha mpira wa ndani ya bomba, ule unaozuia maji, kwa heshima zote. Likanyamaza. Haukupita muda, uani hakukuwa na ndege hata mmoja. Mama, aliyekuwa akiamshwa na makelele yao na kuwalaani kila alfajiri, akaacha kutoka nje. Kisha akaacha kufungua pazia. Hapo tukaogopa.

Siku alipozungumza tena, alisema, "Rudisheni uchafu wa baba yenu."

Majani yalirudi yenyewe. Bomba likakataa. Mwanao akililegeza, linamwaga, akilikaza, linakauka.

"Mama, mimi nimesomea kuzuia maji."

"Basi kasomee kuyaachia."

Mpira ule wa zamani uliukata vipi, Baba, ukawa unaachia tone moja moja? Tumekaa na bomba moja karibu mwaka mzima, watu wazima wenye akili zetu. Mwezi uliopita mwanao alibahatisha, likadondoka kama zamani, na sasa hataki mtu alisogelee.

Tunaokukumbuka, kila mmoja na lalamiko lake, ni mkeo, dada yako, mwanao fundi, mimi bintiyo, na wajukuu wako, ambao wamekatazwa kunawa pale. Kukusahau hakutawezekana katika nyumba hii, hata tungejaribu.

Asubuhi hii mbayuwayu wawili wamechota tope chini ya bomba na kuanza kujenga juu ya mlango wa jikoni. Dada yako akachukua ufagio. Akamkuta Mama ameshatoka, amesimama chini yao, matope yakimdondokea begani.

"Wifi, weka ufagio chini."

"Na sisi tutapita wapi?"

"Mlango wa mbele upo."

Tumepita mlango wa mbele.