Kitabu Tulichokifungua kwa Upande Wetu

Kaka Bariki,

Shikamoo. Usicheke. Ulikuwa unanidai shikamoo kila asubuhi mbele ya wapangaji wenzetu, na mimi nilikuwa nabana midomo, nasema umenizidi miaka michache tu, shikamoo ni ya wajomba. Sasa nakupa bila kudaiwa. Nakupa nikiwa bombani, nakupa nikifunga kamba za viatu vya shule. Halafu nanyamaza kidogo, kama vile kuna jibu linakuja.

Kwanza ya nyumbani. Mama amerudi kwenye biashara. Siku za soko anakwenda Ngaramtoni na nguo zake za watoto kama zamani, ila siku hizi haimbi akizikunja. Bibi yetu Koko, kule Oldonyo Sambu, amezungushia matawi ya miiba mahali ulipolala ili mbuzi wasipite juu yako, na ameweka jiwe kubwa upande wa kichwa. Mimi nipo kidato cha tatu. Bado sinyooshi mkono darasani hata ninapojua jibu. Popi yupo, anabweka vilevile. Popi ni mnene. Nitamrudia Popi baadaye.

Nakuandikia kwa sababu ya kile kitabu chetu cha Kijapani. Kuna jambo limetokea, na sina mtu mwingine wa kumweleza tangu mwanzo bila kulia katikati.

Unakumbuka kilivyotufikia. Mama alifungua robota la mtumba pale chumbani kwetu Kaloleni, na katikati ya sweta za watoto kikadondoka kitabu kinene cha picha, kimechanika majalada yote mawili, maandishi yake kama nyayo za kuku kwenye tope. Mama akasema karatasi zake zitafaa kufungia karanga. Wewe ukakinyakua. "Mama, hii ni sinema, ila imelala." Ukakaa kitandani, mimi ubavuni kwako, ukakifungua kama tunavyofungua Biblia na daftari na kila kitu chenye kurasa, ukaanza kunisomea. Wewe ambaye hukujua hata herufi moja ya Kijapani!

Lakini si ndiyo ilikuwa kazi yako? Kwenye banda la video la Mangi uliwatafsiria watu sinema za Kichina kwa kipaza sauti, na sikumbuki mtu aliyewahi kukuuliza Kichina umejifunzia wapi. Ulitazama macho ya watu wa kwenye picha, ukatazama midomo, ukawawekea maneno. Majemadari wenye panga walikuwa wanagombana juu ya mpaka wa shamba la migomba. Mfalme alimwambia mke wake maneno yale yale ambayo mama alikuwa amekuambia asubuhi hiyo kuhusu soksi zako. Mangi mwenyewe alisema picha ni kisingizio tu, watu wanamfuata Dijei.

Kitabu kilianza na msichana amesimama kwenye theluji mbele ya jiwe, mbwa mkubwa mweupe pembeni yake. Ukasema, "Nase, hili ni kaburi. Anamngoja kaka yake aamke." Tukafunua. Kijana yuko kitandani, amefumba macho. Tukafunua. Amefumbua. Mbele kidogo ameketi anakunywa uji, mbele zaidi anaendesha baiskeli na dada yake amekaa nyuma. Ukapiga goti kwa kiganja: "Si nilikuambia!"

Kulikuwa na mambo hayakukaa vizuri. Kijana alilia kwanza, ndipo akaanguka na baiskeli. Chai ilitoka kikombeni ikarudi kwenye birika. Nilipokuuliza, hukufikiri hata kidogo: "Wajapani wanaona mbali. Mtu wao analia mapema, akishaanguka anaendelea na kazi zake."

Halafu mbwa. Mbwa alikuwa anapungua. Kila tulipofunua alizidi kuwa mdogo, hata wale ndugu wawili nao walizidi kuwa wadogo, mpaka ukurasa wa mwisho wakawa watoto wameinama juu ya boksi, na ndani ya boksi kitoto cha mbwa kisichozidi kiganja. Hapo ulikaa kimya, wewe usiyejua kukaa kimya. Kisha ukasema, "Anampa miaka yake, Nase. Ndiyo maana kijana aliamka. Na miaka ilipozidi, mbwa akamgawia na dada." Nilikuamini. Nilikuwa na umri wa kutosha kutokuamini, lakini nilikuamini.

Umeme wa mgao ulipokatika katikati ya sinema na watu wakaanza kupiga miluzi, ulikuwa unasimama mlangoni kwenye mwanga, unainua kitabu kile, unawasimulia. Wakakipa jina, Kijana Aliyeamka. Mama Zubeda, muuza maandazi wa pale mlangoni, aliunguza mafuta kwa sababu yako. Hata Juma Mrefu, ambaye haheshimu kitu, alikuwa anapiga kelele, "Dijei, achana na Wachina leo, tuletee mbwa!"

Kisha kifua. Lile vumbi la machimbo ya Mererani ulilolivuta kabla hujapata kazi ya banda, nadhani lilikuwa linakusubiri tu. Sauti ndiyo iliyoondoka kwanza. Ulikuwa umelala, ukaniita kwa kidole, ukaninong'oneza, "Mwangalie Popi. Amepungua?" Nikasema amepungua kidogo. Ukatabasamu. Popi hakuwa amepungua hata chembe, kaka. Siku tuliporudi kutoka kukuzika alikuja kunilaki, mkia unacheza, mnene vilevile, nikamrushia kandambili. Siku hizi tumepatana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Juzi Mangi aliniita nikitoka shule. "We Nase, njoo umwone mbwa wa kaka yako." Alikuwa ameletewa mzigo wa sidii kutoka Nairobi, na kwenye kasha moja palikuwa na mbwa mweupe, baiskeli, mlima wenye theluji. Nilimtambua kabla sijafika mezani. Kwenye kasha wameandika kwamba hiyo ni anime, yaani katuni ya sinema, iliyotokana na manga, na manga ndivyo vitabu kama chetu. Kwa hiyo kitabu chetu kilikuwa na jina la ukoo siku zote na sisi hatukujua.

Mangi akaiweka kwenye deki, banda likiwa tupu. Ikaanza na boksi. Kitoto cha mbwa, na watoto wawili wameinama.

Nikasema, "Mangi, umeanzia mwisho."

"Mwisho gani? Nimebonyeza pale inapoanza."

"Anzia mwanzo, tafadhali."

"Mtoto wewe, mwanzo ndio huu!"

Nikatoa kitabu kwenye mkoba. Nakitembeza humo kila siku, usimwambie mama. Nikakigeuza, nikafunua kutoka nyuma, na kila picha iliyopita kwenye televisheni ilikuwa ipo pale, kwa mpangilio. Chai ilimiminwa kikombeni. Kijana alianguka, ndipo akalia. Wajapani wanafungua vitabu vyao kwa upande mwingine, kaka. Tulikisoma kinyumenyume.

Kwenye televisheni, chini ya picha, palikuwa na maandishi ya Kiingereza, na nilisoma yote. Mbwa hakuwa anampa mtu miaka yake. Alikuwa anakua tu, kama mbwa yeyote. Kijana anaumwa, anakonda, anafumba macho. Mwisho msichana anasimama mbele ya jiwe, na hapo ndipo muziki unapoanza na majina ya watu yanapanda.

Nilikasirika. Nilimkasirikia aliyekichora, nikakukasirikia na wewe. Lakini nikueleze ukweli wote: ilikuwa nzuri. Baiskeli ni nyekundu, kaka! Tulizoea nyeusi na nyeupe, hatukujua. Theluji ina sauti inapokanyagwa, kama mtu anatafuna muwa. Msichana anacheka kwa pua. Nilifurahi mpaka nikasahau, kwa kitambo kidogo, kuwa nina huzuni, na nilipokumbuka niliona aibu, nikatamani kukugeukia nikuulize kama umeona ile baiskeli.

Mangi akasema, "Jumapili naionyesha. Kiingereza unakijua, utatafsiri wewe." Mimi! Nilitaka kukataa. Haikuwa kwa sababu ya aibu tu. Niliogopa kwamba watu wataona kijana anakufa, na la mwisho watakalobaki nalo juu yako litakuwa kwamba ulikosea. Lakini kama si mimi, Mangi angemtafuta mtu mwingine, na huyo angekucheka kwa kipaza sauti chako mwenyewe. Nilipomweleza mama, akasema, "Nenda. Ila ukae karibu na mlango."

Banda lilijaa baada ya ibada. Kipaza sauti bado kina kile kitambaa chekundu ulichokifunga. Nilianza, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Ongeza sauti, mwalimu!" Juma Mrefu akapiga kelele. "Hatuko kanisani!"

"Muache mtoto wa watu," Mama Zubeda akamjibu kutoka mlangoni. "Urefu wote huo, subira huna."

Nikaongeza. Nilitafsiri kilichoandikwa, neno kwa neno, kama mtihani. Watu wakaona boksi, wakaona mbwa anakua, wakaanza kunong'onezana. Kijana alipofumba macho banda zima lilitulia. Walikuwa wanangoja. Msichana akasimama mbele ya jiwe. Majina yakaanza kupanda.

"Sasa anaamka saa ngapi?" Juma Mrefu akauliza.

Nikashusha kipaza sauti.

"Si Dijei alisema anaamka? Basi alitupiga kamba!"

Wakacheka. Si wote, lakini wengi. Kicheko kile kilinipita kifuani. Nikasimama, kaka. Mimi nisiyenyoosha mkono. Nilikishika kitabu juu kama ulivyokuwa unakishika, nikasema, "Wajapani wanaanzia huku. Kaka yangu alikifungua kwa upande wetu."

Mama Zubeda akauliza, taratibu, "Kwa hiyo kumbe tulikuwa tunarudi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, Mangi, si una rimoti hapo? Turudishe."

Mangi akabonyeza.

Sauti ya sidii ikakatika, picha zikaanza kurudi kwa kurukaruka. Theluji iliondoka ardhini ikapanda mawinguni. Msichana akatembea kinyumenyume akaliacha lile jiwe, jiwe halipo tena. Nikatambua kwamba picha zile hazina maneno kabisa, na kipaza sauti ninacho mimi. Sikuwa na maandishi ya kusoma. Nikafungua mdomo, na maneno niliyoyakuta humo yalikuwa yako. Nikasema, "Hili ni kaburi. Anamngoja kaka yake aamke."

Kijana akafumbua macho.

"Huyooo!" Juma Mrefu alisimama kabisa, akawaziba wote wa nyuma yake. Kijana akalia, ndipo akaanguka na baiskeli nyekundu, chai ikarudi kwenye birika, na banda zima, kaka, banda zima likapiga kelele kwa pamoja: "Wajapani wanaona mbali!" Walikuwa wanakumbuka. Kila neno lako walikuwa nalo. Mbwa akazidi kupungua, na Mama Zubeda akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Anampa. Mtazame, anampa."

Mangi akaisimamisha kwenye boksi, watoto wawili wameinama. Tukaitazama picha ile imesimama. Hakuna aliyedai apewe nyingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na niliposukuma mlango kitanda chako kilikuwa kimetandikwa vilevile. Nyumbani hakuna kitufe cha kubonyeza. Nilikaa juu ya kitanda chako na Popi akaja akaniwekea kichwa gotini, mzito huyo. Nilimwambia asijali, si kosa lake. Mbwa wa kweli wanakua tu. Kama ingekuwa miaka inagawika, ningekugawia yangu, ningebaki hata wa kuingia kwenye boksi.

Mangi ameniomba niendelee Jumapili moja moja, mama akiruhusu. Amesema yapo manga mengine mengi na katuni zake. Nakuahidi nitavitafuta vitabu hivyo, na vyote nitavisoma kwa upande wao, kwa mpangilio wao, hata mwisho unapouma, kwa sababu aliyevichora alimaanisha hivyo. Na darasani nitaanza kunyoosha mkono. Kitabu kimoja tu nakiacha nje ya ahadi, nacho ni hiki chetu.

Likizo nitakuja nacho Oldonyo Sambu. Nitamwomba Koko anisogezee miiba kidogo nipite. Nitasimama mbele ya jiwe lako, Popi pembeni yangu, nikifungue kwa upande wetu.

Ukurasa wa kwanza ni huo huo.

Lala kidogo, kaka.

Mdogo wako,
Naserian