Siku Kumi na Moja za Aprili

Mazimbu, 4 Machi 2024

Shikamoo baba. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima.

Makala yetu ya kina cha mto imerudi. Mhariri wa jarida aliwapa wahakiki wawili. Hawatujui wala hatuwajui, majina yamefichwa. Wa kwanza ameridhika. Wa pili anauliza kwa nini vipimo vyako vya kila asubuhi, miaka kumi na tisa, vinakosa siku kumi na moja za Aprili 2018. Ndipo tulipomzika kaka Elia. Niandike tu "msiba"?

Mwanao, Winfrida

Mgeta, 20 Machi

Marahaba mama. Mgongo haujambo. Barua anaileta Theresia wa sokoni pamoja na kabichi zako.

Usiandike msiba. Huyo mtu ni nani? Miaka sita hata paroko hajaniuliza.

Baba

Mazimbu, 2 Aprili

Shikamoo baba. Kabichi nimezipata.

Simjui, na mhariri hatasema. Tusipojibu kabla ya mwisho wa mwezi, makala itakataliwa. Lakini sasa ninayeuliza ni mimi. Ulisema Elia aliteleza akioga. Nani anaoga mtoni wakati wa masika?

Winfrida

Mgeta, 25 Aprili

Marahaba mwanangu. Barua hii nimeianza mara tatu.

Asubuhi ile nilikuwa na homa. Mvua ilikesha, nami nilijua mto umejaa, lakini sikutaka siku ipite bila namba. Nikamtuma. Alirudi salama, akaandika daftarini, akasema, "Baba, nilipomaliza tu kusoma, ubao wa kupimia ukalala, narudi kuusimamisha." Nikamwambia, "Nenda."

Ukurasa ule niliuchana. Huu hapa. Mita mbili na sentimita kumi, mwandiko wake. Mwambie mtu wako siku zilizokosekana ni kumi.

Nikienda kupima namsikia nyuma yangu. Sigeuki.

Baba yako, Severin

Mazimbu, 9 Juni

Shikamoo baba. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya hasira. Bado ninayo.

Makala imekubaliwa. Majina sasa yanawekwa wazi: langu, lako na la Elia. Mhakiki wa pili ameandika kwamba namba ile ndiyo kubwa kuliko zote, na makala nzima imesimama juu yake. Akaongeza: "Mshukuruni aliyekwenda kupima siku ile."

Hajui kitu, baba. Nakunukulia tu kama alivyoandika.

Nakuja Jumamosi. Safari hii twende mtoni wote, mimi nitembee nyuma yako.

Mwanao, Winfrida